Mafuta Yenye Sukari

Ubongo wa binadamu umejaa mafuta yenye sukari. Sentensi hiyo ni sahihi hata leo, na bado naijutia.

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa likizoni Newala, kutoka chuo kikuu Uganda, nikiwa na kozi moja ya kemia ya mwili na majivuno ya kozi kumi. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ameshajua kukaa, alilegea tena kama mtoto mchanga. Tukamteremsha Masasi kwa lori. Daktari Mzungu akammulika machoni, akaona doa jekundu, akanieleza kwa Kiingereza: mafuta fulani yanarundikana ubongoni, hayana dawa, mtoto alishwe vizuri kwa muda uliobaki.

Nikamtafsiria dada. Nilisema mishipa ya fahamu ina mafuta yaliyoshikana na sukari, na ya mtoto huyu yamezidi. Nilieleza vizuri mno. La kutokuwa na dawa lilinishinda, na la kulishwa nikalisahau humo humo.

Nikaenda Makote kutembea. Niliporudi baada ya wiki mbili, mtoto alikuwa mifupa. Uji wake ulikuwa unga na maji tu.

"Dada, karanga ziko wapi?"

"Si uliweka mwiko mwenyewe? Sukari na mafuta."

"Mimi? Nilikuwa naeleza!"

"Tangu lini mjomba anaeleza? Mjomba akitaja chakula mbele ya mgonjwa, amekikataza."

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nikaanza upya: sukari hii si ya dukani, ubongo hujitengenezea wenyewe.

"Kumbe ubongo una duka lake?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mama, niache kidogo."

Nikachora mchangani: mafuta hapa, sukari imening'inia pale. Kuku akapita juu ya mchoro. Nikachora tena, kwa hasira.

"Acha kuchora," dada akasema. "Ale, asile?"

"Ale."

"Karanga?"

"Karanga, sukari, korosho, kila kitu."

"Halafu atapona?"

Kemia yote ikaniishia. "Hatapona, dada. Daktari alisema siku ile ile."

Hakulia. "Wiki mbili nimemlaza njaa mtoto anayekwenda zake," alisema, "kwa sababu wewe uliona haya kusema."

Nikaufuta mchoro kwa mguu.

"Nenda kauondoe mwiko wako. Kwa mdomo wako, mama asikie. Mimi hataniamini."

Nikasimama mlangoni pa jiko. "Mama, mtoto ale kila kitu."

"Na yale mafuta ya kichwani?"

"Ale tu, mama."

Alinitazama, akamtazama dada nyuma yangu, akaelewa. Akavuta kinu, akamimina karanga.