Herufi A Ilipogoma

Wiki iliyopita, kwenye kituo cha afya nje ya Kahama, nilimkuta mama amembeba binti yake aliyechomwa na mwiba jichoni. Daktari alitaka mtoto afike Mwanza siku ile ile, na basi lilikuwa nje likipiga honi. Karani akaanza kuchapa barua ya rufaa kwa taipureta, mara akasimama. Kitufe cha herufi a kilikuwa kimevunjika.

"Kiswahili bila a nitakichapaje?" akasema, mikono kichwani. "Na barua ya serikali haiandikwi kwa mkono."

"Baba," mama akamwambia taratibu, "mashine iandike inachoweza, mkono wako umalizie."

Karani akamtazama, akacheka, akachapa akiacha nafasi, kisha akazijaza a zote kwa kalamu. Mimi nilikimbia kumsihi dereva asubiri.

Jana niliwakuta stendi wakirudi. Jicho bado lina bandeji, lakini litaona.

"Wabeja," mama akaniambia, ndiyo asante ya Kisukuma. "Mfikishie na karani."

Nimemfikishia. Shukrani zangu mimi ni kwa dereva yule, aliyezima injini huku abiria wakimfokea, akawajibu tu, "Tunamsubiri mtoto."