Hukumu za Fundi Redio

Fundi redio wa Kabanga ana redio mbili mezani, na kila moja ina upande wake katika vita vya ng'ambo ya mpaka. Bomu likiua raia, hii husema ni waasi, ile husema ni serikali. Yeye husikiliza, bisibisi nyuma ya sikio, kisha huhukumu: redio anayoona inadanganya huichomoa betri na kuzianika juani "zitubu." Jioni huzirudisha, zikiwa zimepata nguvu ya kudanganya upya. Wateja humcheka, naye huwajibu kwamba kesi haitaki haraka, huku redio zao zikimaliza wiki ya tatu kabatini.

Juzi bomu liliangukia soko huko ng'ambo. Redio zikabishana, fundi akainua kidole kutoa hukumu, ndipo akamwona Koleta, muuza maharage, mlangoni. Dada yake ameolewa huko.

"Shikamoo, fundi. Wamesoma majina?"

"Marahaba. Bado wanabishana ni nani aliyepiga."

Koleta akashusha kikapu, akakaa. Fundi akategea hii sikio, akategea ile, mpaka taarifa zote mbili zikaisha. Hakusikia jina hata moja.

Siku hiyo zilianikwa betri zote nane za redio zote mbili, na jioni hakuzirudisha.