Siku Nilipopeleka Posa Mtae kwa Gari Laini

Jamani, mkitaka kunitoa dukani kwangu bila ugomvi, tajeni tu neno "chesisi", mtaniona nainuka taratibu naenda stoo kupanga mifuko ya mbolea ambayo nilishaipanga asubuhi. Aibu niliyoipata mwaka jana kwa ajili ya neno hilo ningependa nife nayo kimyakimya, ila Fundi Sefu ameshaitangaza kila kijiwe cha kahawa Lushoto mjini, na anaitia chumvi (anasema nililia, sikulia, ile ilikuwa mvua), kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe, mcheke kwa mpangilio.

Mnamfahamu Hamisi, yule fundi cherehani mwenye kibanda pembeni ya duka langu. Baba yake alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na alipofariki nikamchukua Hamisi kama wangu, ananiita baba mdogo. Sasa Hamisi akampenda Rehema, binti wa Mtae anayefundisha chekechea huku kwetu, binti mpole, ana adabu zake, na mimi nikapewa ushenga. Barua ya posa ikapelekwa, tukaitwa kwenda kusikia majibu, basi tuliloenda nalo likaharibika njiani tukafika alasiri, tukakuta uwanja mtupu na kuku wanaokota mchele. Wazee walishaondoka wamekasirika. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe: njooni Jumamosi, saa nne asubuhi, na safari hii mkichelewa tutajua hamna nia na binti yetu, ana watu wengine wanaomuulizia. Hamisi alipousikia hakula siku ile. Nikampiga bega nikamwambia, "Tulia mwanangu, safari hii tunakwenda na gari langu mwenyewe."

Gari lenyewe nilikuwa bado sijanunua.

Ndipo nikateremka Tanga na Fundi Sefu, rafiki yangu tangu shule ya msingi, mtu ambaye ametengeneza magari miaka yote ila hajawahi kuvaa shati lisilo na oili. Kwenye yadi kulikuwa na magari mawili niliyoyamudu. La kwanza lilikuwa kubwa la dizeli, la zamani, limesimama juu, likiwashwa linanguruma kama mashine ya kusaga, viti vya kitambaa, na mlango wa nyuma ukiufunga lazima uuombe. La pili, ah! Jeupe linametameta, viti vya ngozi, kioo cha juu kinafunguka unaona mawingu, na ukirudi nyuma kuna kitelevisheni kinakuonyesha unakoelekea. Kwa nje yote mawili ni marefu, yote yana matairi ya maana, mimi nikaona ni ndugu, mmoja kaoga mwingine hajaoga.

Fundi Sefu akalala chini, kwenye vumbi lile, akachungulia tumbo la gari moja kisha la pili, akainuka akijikung'uta. "Chukua hili la dizeli," akasema. "Lina chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari zima. Hili ni lori limenyolewa ndevu. Hilo jeupe halina chesisi, ni gari ndogo ya mjini iliyovaa viatu virefu. Lala uone mwenyewe."

Mimi nilale chini? Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki iliyonyooshwa na Hamisi mwenyewe. Nikamwangalia muuzaji, muuzaji akanielewa, akanionyesha maandishi madogo kwenye mlango wa nyuma, "Bosi, hii nayo inavuta matairi yote manne, imeandikwa hapa, milima hii inaimaliza." Nikamwambia Sefu, "Umeona? Imeandikwa." Sefu akasema, "Hata mimi naweza kuandika kwenye hii ovaroli kwamba ni daktari." Nikanunua jeupe. Kutoka Mombo hadi Lushoto lilipanda kona zote kama halina habari (lami tupu, lakini nani alikuwa anawaza lami), na nikamtania Sefu njia nzima.

Jumamosi ikafika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tukaondoka watu watatu: mimi na kanzu yangu nyeupe na koti, Fundi Sefu aliyeazimwa shati safi, na Bi Mwanaisha, shangazi yake Hamisi. Nyuma tumepakia sukari, mchele, khanga za mama mzazi, na blanketi zito jekundu, la mjomba. Blanketi hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu baba yake Rehema alishafariki, na aliyesimama badala ya baba ni mjomba wake, Mzee Shebila, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Tuliambiwa tu kwamba neno lake likitoka limetoka.

Sasa sikilizeni kosa langu. Wenzetu wa mjini mtu akiwa na gari anapita zake. Sisi huku mtu mzima akiwa kando ya njia huwezi kumpita kama mti, lazima umwamkie. Na ukitaka kumwamkia unapunguza mwendo, ukipunguza mwendo anakuuliza waelekea wapi, ukishamjibu unaelekea upande wake basi umeshambeba, huna ujanja. Wenye akili zao wakiwa na haraka wanafunga vioo na kupunga mkono. Mimi, na gari jipya? Nilishusha vioo vyote vinne! Nilitaka nionekane. Magamba tu pale nikamwona bibi mmoja na kikapu cha peasi, nikatoa kichwa, nikamwamkia kwa Kisambaa, "Onga makeo bibi, shikamoo!" na kabla hajamaliza "marahaba" mlango alishaushika. Anakwenda Sunga. Haya.

Malindi nikamwamkia mzee mmoja mwembamba, ana fimbo na gunia la viazi. Akasema anawahi shughuli nyumbani kwake Mtae. Nikamwambia panda mzee wangu, huu ni wakati wa kustarehe, na gunia tukaliweka juu ya mchele. (Nawaambia mapema ili mnicheke vizuri: yule ndiye alikuwa Mzee Shebila. Mimi sikujua. Nilikuwa nambeba mwenye blanketi pamoja na blanketi lake, na sikumuuliza hata jina.)

Akanishukuru, akapapasa kiti cha ngozi, akauliza na sisi tunakwenda wapi na nguo nzuri hivi. Hapo mtu mwenye busara anajibu kwa kifupi. Mimi nikafunguka kama redio. Nikamweleza posa yote, nikamweleza tulivyokuta kuku, nikasema, "Wazee wa huko nao wana maringo, mzee wangu, wanatupangia saa kama sisi vibarua wao!" Bi Mwanaisha akanifinya. Mzee akauliza kwa upole, "Mshenga wenu ni nani?" Nikajipiga kifua, "Unamwona ndiye anakuendesha." Akasema, "Aa. Vizuri."

Kupita Lukozi mvua ikaanza. Sio mvua ya kutisha, ila mnaujua udongo ule mwekundu ukilowa, na mnajua malori ya mboga yanavyoichimba ile barabara, matairi yanaacha mifereji miwili mirefu na katikati unabaki mgongo wa udongo. Gari la chesisi linapita juu ya mgongo ule halina shida. Langu, na watu watano, na viazi, lilianza kusema krrr, krrr chini ya miguu yetu. "Hilo ni tumbo," Fundi Sefu akasema. Nikamwambia anyamaze.

Saa tatu na robo, Sunga tulikuwa hatujaiona, tukafika kwenye mlima mmoja gari likakataa, likawa linateleza kurudi nyuma. Simu ikalia, Hamisi. "Baba mdogo, mmefika?" Nikasema tunakaribia. Namwona yule kijana na chakula chake ambacho hajakila, naona saa nne inakuja, nikasema lazima uzito upungue. Bibi wa peasi nisingeweza kumshusha, miguu ilikuwa inamuuma. Nikageuka nyuma, na Mungu anisamehe, nikasema, "Mzee wangu, samahani sana, gari limezidiwa. Naomba utangulie kwa miguu, pale juu nitakuchukua."

Mzee akaishika fimbo yake.

"Na viazi?" akauliza.

"Na viazi."

Bi Mwanaisha akasema, "Astaghfirullah!" Bibi akasema, "Yaani unamshusha mtu mzima na mvua hii?" Yule mzee akashuka, akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akasubiri Fundi Sefu ateremshe gunia. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zote ili nimalize aibu haraka, gari likaruka, likapanda juu ya ule mgongo wa katikati, likalala. Matairi yanazunguka kwa raha zao hayagusi kitu. Kisha kwenye kioo cha mbele ya usukani ikawaka taa, Fundi Sefu akainama akasoma, akasema, "Inasema imechemka. Inaomba ipumzike." Hiyo ndiyo iliyoandikwa inavuta yote manne!

Bodaboda ikapita, mzee akaisimamisha, akapakia viazi vyake, akapanda. Akanitazama mimi niliyesimama kwenye tope na kanzu. "Msiwe na wasiwasi," akasema, "mtafika." Sikusikia dhihaka yoyote kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi hapo nikalala chini. Ndiyo, na kanzu, mgongo kwenye tope, nikaliona kwa mara ya kwanza lile tumbo la gari langu, laini, limenyooka, limekaa juu ya udongo kama kuku anayeatamia. Tukachimba kwa sufuria ambayo bibi alikuwa nayo kwenye kikapu chake. Fundi Sefu akasema tuweke kitu chini ya tairi lishike, mawe hakuna, majani yameloa. Saa nne kasoro. Nikafungua nyuma, na kilichokuwa juu kabisa kilikuwa chekundu.

"Usithubutu!" Bi Mwanaisha akapiga kelele.

Nikathubutu. Tairi likalishika blanketi, likalivuta, likalizungusha, likalimeza, na gari halikusogea hata inchi moja.

Kilichotutoa ni lori la kabichi. Dereva akashuka na kamba, akazunguka gari mara moja, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Baba, nani alikudanganya?" Akatufunga nyuma yake. Bibi tukamwacha Sunga, akanigawia peasi mbili kama mtu anayempa pole mfiwa. Tukaingia Mtae saa sita kasorobo, tunaburutwa, kwenye ule mtaa wao ulio juu kabisa ya mlima ambapo kila nyumba inakuona, watoto wanakimbia pembeni, na pale uwanjani kwa kina Rehema watu wazima wamejaa kwenye mabenchi wameacha kuongea. Mimi nikashuka mwekundu kuanzia kofia hadi viatu. Na kwenye kiti cha katikati, kavu, shuka safi begani, amekaa mzee wa viazi.

Bi Mwanaisha akasema taratibu, "Nilijua tu," ingawa hakujua. Nikaenda nikainama, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umefika." Nilitaka kuomba radhi, maneno yakawa hayapangiki, nikajikuta nimesema tu, "Blanketi lako, mzee," na Fundi Sefu akaliweka mezani linadondosha tope.

Mzee mmoja pembeni akasema kwa hasira hawa wamechelewa tena, hawana nia, tufunge kikao. Wengine wakaitikia. Mimi nikamwona Hamisi kule Lushoto kakaa kwenye kibanda chake anaangalia simu, na nikajua nimemharibia maisha kwa ajili ya viti vya ngozi. Nasema kweli, pale ndipo machozi yalinijia (haya, Sefu, umeshinda).

Mzee Shebila akainua mkono, wakanyamaza.

"Nia wanayo," akasema. "Nimewaona kwa macho yangu, waliondoka alfajiri. Na mtu asiye na nia hawezi kulitandika blanketi langu kwenye tope ili afike kwangu." Watu wakaguna, wengine wakaanza kucheka. "Yule kijana nimemuulizia, ni fundi, ana heshima, na binti yetu amesema anamtaka. Kwa hiyo posa tumeipokea."

Bi Mwanaisha akajaza hewa kifuani apige kigelegele.

"Subiri mama, sijamaliza. Posa tumeipokea. Mshenga ndiye tumemkataa. Mtuletee mwingine."

Kigelegele kilikuwa kimeshafika mdomoni, kikatoka. Akakipiga chote, kirefu, na wanawake wa ndani wakampokea, ikawa mimi ndiye mshenga wa kwanza katika milima hii kufukuzwa kwa vigelegele. Hata Fundi Sefu, rafiki yangu, alipiga makofi.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia Hamisi. "Umekubaliwa, mwanangu." Alipiga kelele za furaha mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Kisha akasema, "Baba mdogo, mbona wewe sauti yako haina furaha?"

"Nina furaha," nikamwambia, "ila mimi nimekataliwa."

Ushenga aliumaliza Fundi Sefu, na ndoa ikafungwa. Gari ninalo bado, linanipeleka dukani na kunirudisha, kwenye lami halina mpinzani. Huko juu nikienda, naamkia wazee wote kama kawaida na nawapakia wote na mizigo yao, hilo sitaacha. Ila tukifika kwenye mlima na gari likianza kusema krrr, nimeapa, sitamgusa mtu: namwachia Fundi Sefu usukani, navua viatu, nashuka mimi.