Uji Uliobaki Kizingitini

Nilipokuwa mtoto, jikoni kwetu Saboti palikuwa na bakuli la bluu ambalo hakuna mtu aliyelitumia kula. Lilikaa limefunikwa juu kabisa ya rafu, nyuma ya chujio la chai, na mama alipokuwa akipanguza vumbi alilizunguka kwa kitambaa bila kuliinua. Si kwamba tulikuwa na vyombo vya kuchezea. Wageni wakija tulingojeana vikombe. Lakini thubutu uguse lile bakuli uone.

Lilikuwa la dadake baba. Sisi Wabukusu shangazi wa upande wa baba tunamwita senge. Huyu senge namkumbuka kidogo tu: kitambaa cha manjano kichwani, na ile tabia yake ya kugonga ukingo wa bakuli kwa kijiko kabla ya kula, ko, ko, kama anabisha hodi. Baba yao alifariki mapema, kwa hivyo baba yangu ndiye aliyemlea na kumpeleka chuo cha ualimu. Senge akaacha chuo akaenda kuishi na mwanamume Kitale. Baba akameza uchungu huo, ukakaa. Siku moja senge akarudi amekonda, anakohoa, na mama akampa uji bila kumuuliza maswali. Baba alitoka shambani akamkuta anakunywa. Mimi nilikuwa karibu na meko, mdogo, hakuna aliyekumbuka kunitoa nje.

"Kwangu huli," baba alimwambia. "Nenda ukale kwa huyo wako."

Senge aliliweka bakuli kizingitini, uji ukiwa umefika nusu, akashika njia ya Kitale. Hatukumwona tena. Habari za kifo chake zilipotufikia, baba hakwenda mazishini, na akatangaza kwamba jina lake, Naliaka, lisisikike ndani ya nyumba yake. Mama akaosha bakuli akalipandisha juu ya rafu. Hayo ndiyo yalikuwa mambo yetu, na watu walituona tukienda kanisani tumenyoosha nguo vizuri.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipojifungua mtoto wa kike. Akabatizwa Mercy. Jina la ukoo liliachwa kwanza, maana baba alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kusikia habari za majina ya wafu. Mercy alinyonya vizuri, akanenepa, akawa na mikunjo mapajani ambayo mimi niliifinyafinya mpaka nikachapwa. Alipofika miezi ya kuanza kula, mama akaugua majipu ya titi, kwanza hili, kisha lile. Maziwa yakapungua, yakakauka. Mama hakushtuka sana, kwa sababu mtoto alikuwa ameshafika umri wa uji.

Ule unga aliutayarisha kwa mikono yake. Alichagua mawe kwenye wimbi, akaosha, akaanika juu ya gunia, akachanganya na mtama kidogo, akapeleka kwenye mashine ya kusaga. Alikoroga unga kwa maji baridi ndipo akamimina kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota, akakoroga bila kupumzika mpaka uji ukaiva, laini, hauna hata donge. Akaupoza. Akajaribu kwanza kwenye mkono wake. Halafu akampakata Mercy na kumsogezea kijiko.

Mercy alifunga mdomo, akageuza uso, akatazama mlango.

Mtoto kutema uji wa kwanza ni kawaida, huyo hakuna anayemshangaa. Huyu wetu hakutema, kwa sababu hakuuruhusu uingie. Kesho yake mama akaponda ndizi kwa uma. Hataki. Akapika malenge akayapitisha kwenye chujio. Hataki. Viazi, supu ya maharagwe, maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, yote hataki. Alikubali matone ya maji, basi. Na kila mara alitazama mlango wa jikoni, si chini mahali kuku hupita, bali juu, pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa. Mama alihamisha kigoda akaupa mlango mgongo. Mercy akazungusha shingo mpaka akaupata. Mimi nilianza kuingia jikoni kwa kukimbia, na kutoka kwa kukimbia.

Kwenye zahanati walimfungua mdomo wakamulika, wakasema hakuna kidonda. Wakatupa dawa ya maji, na wakasema kama hali itabaki hivyo tumpeleke hospitali kubwa Kitale. Mikunjo ya mapaja ikaisha. Macho yakaingia ndani. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kulia.

Baba alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu mwenye pikapu atupeleke Kitale kesho yake asubuhi, ndipo kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, akafika kutoka Bumula. Hakuna aliyemwita. Alivua viatu, akaketi jikoni, akamtazama mtoto, akatazama mlango, akamtazama mtoto tena.

"Huyu anaitwa nani?" aliuliza.

"Mercy," mama akasema.

"Hilo ni la kanisani. Nauliza anaitwa nani."

Mama akainama.

Kwetu, mtoto akilia asinyamaze, au akikataa kula, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina atakalolipokea ndilo lake. Kukhu aliomba uji. Baba alikuwa amesimama nje ya dirisha, akamwambia mamake kwa ukali, "Mayi, hayo ni mambo ya giza. Sisi tumeomba."

"Na muendelee kuomba," kukhu akamjibu. "Mimi si nimekuja kuita tu?"

Ilikuwa alasiri. Ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka mapema mpaka kwenye mahindi, na upepo haukuwapo kabisa. Kuku mmoja mwekundu alikuwa amelala kizingitini, kifua chini, macho nusu wazi. Kukhu alichota uji kidogo kwenye ncha ya kijiko.

"Kama ni wewe Nabalayo, kula."

Mercy akafunga mdomo.

"Kama ni wewe Nasimiyu, kula. Nakhumicha, mama yangu, ni wewe? Kula."

Aliita waliokufa wakiwa wazee, aliita waliokufa wakiwa wachanga, aliita mpaka nikasikia majina ambayo sijayasikia tena maishani. Mtoto hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anatazama mlango. Mwishowe kukhu akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bakuli lake liko wapi?"

Haki ya Mungu, nywele zilinisimama. Mama alipanda juu ya kigoda, akalishusha lile bakuli la bluu. Akalifuta. Kukhu akamiminia uji ndani, kisha akageukia dirisha.

"Njoo umwite."

"Mayi, nilishasema. Hilo jina halitajwi hapa."

"Mimi nilimzaa, nimemwita kila siku moyoni mwangu, haji. Wewe ndiye ulimkataza kula. Mwite wewe."

Baba akaondoka dirishani. Nilimwona akienda mpaka ghala la mahindi, akasimama, akashika ukuta. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kunyamaza. Sijawahi kumsikia akimpandishia baba sauti, si kabla ya siku ile wala baadaye. Alitoka mlangoni akapiga kelele, akimwita baba kwa jina langu, "Baba Nekesa! Mtoto wangu anakufa, na wewe unashikilia hasira ya mtu aliyekwisha kuoza!"

Maneno hayo yalimpiga baba mahali. Alirudi polepole, akaingia kwa mlango wa sebuleni, akaja jikoni, akapiga magoti mbele ya mtoto. Alichukua bakuli kutoka kwa kukhu. Nilidhani atakemea pepo. Akasema, "Naliaka. Nilikukosea. Ingia ule."

Sasa sikiliza nilichokiona, nami nakieleza kama kilivyokuwa, sikuongeza. Yule kuku aliyelala kizingitini aliinuka, akasogea pembeni, jinsi kuku anavyompisha mtu anayetaka kuingia. Hakukimbia. Alisogea tu, akangoja, kisha akarudi mahali pake akalala. Na macho ya Mercy yaliyokuwa juu mlangoni yakaanza kutembea. Yakatoka mlangoni, yakapita juu ya meko, yakanipita mimi, na hapo nilihisi baridi kwenye bega la kulia, yakaja mpaka kando ya baba yakatulia. Akafungua mdomo.

Alikula. Aliufuata mkono wa baba, akameza, akafungua tena. Katikati ya kula alinyakua kijiko kutoka mkononi mwa baba, akagonga ukingo wa bakuli, ko, ko. Najua, najua. Kila mtoto hugonga kijiko. Lakini mwambie hivyo baba yangu, aliyeinamisha kichwa pale sakafuni akalia kwa sauti mpaka kukhu akamshika kisogo kama mtoto wake mdogo.

Pikapu ilikuja asubuhi kama ilivyopangwa. Mercy alipelekwa hospitali, akapimwa, tukaambiwa aendelee kulishwa kidogo kidogo. Nao baba na kukhu hawakurudi moja kwa moja. Waliuliza njia, wakaenda kulitafuta kaburi la senge.

Nimekuwa mtu mzima na nimeligeuza jambo hili kila upande. Huenda mtoto alikuwa na kidonda kisichoonekana, kikapona siku hiyo. Huenda njaa yenyewe ilimshinda. Kuku naye ni kuku. Lakini bega langu la kulia hadi leo halina maelezo, na dada yangu, Mercy Naliaka, mwalimu huko Myanga, hajawahi kula chochote bila kugonga chombo kwanza, ingawa hakuna aliyemfundisha. Ninajua pia alivyobadilika baba. Tangu siku ile hakuna mtu aliyetoka kwake bila kula. Fundi wa mabomba, muuza bima, jirani aliyekuja kugombana naye kuhusu mpaka, wote waliambiwa, "Kaa kwanza ule," na ole wako uache kitu kwenye sahani. Tulimcheka sana. Alifariki mwaka jana.

Mwezi uliopita nilianza kumlisha mwanangu wa kiume, hapa Kitale. Nilichemsha malenge, nikayaponda kwa uma mpaka yakalainika, nikaongeza maziwa yangu kidogo. Mercy alikuja kunisaidia, na sikumficha: nilikuwa na hofu. Usiku kucha nilikuwa nimelishika jina la baba mdomoni. Kama mtoto angegeuza uso, ningesema, Wafula, kula. Niliacha hata mlango wazi.

Nikasogeza kijiko. Mtoto akanitazama mimi, akafungua mdomo, akala. Akapaka malenge kwenye pua, akadai mengine.

"Si ulisema utamwita mzee?" Mercy akaniuliza, anacheka.

Nilitazama mlango. Hapakuwa na kitu ila jua na ndala zetu. Machozi yalinitoka, na si ya furaha, jameni, kwa sababu kumbe nilikuwa nataka aje. Nilitaka mtoto akatae kidogo tu, ili nipate sababu ya kumwita baba yangu kwa sauti, na yeye aingie.

Mercy aliacha kucheka. Alichukua kijiko, akagonga bakuli, akamlisha mtoto badala yangu.

"Usilie, dada," akasema. "Mzee alienda ameshiba."