Kumi na Sita kwa Tisa

Walisema sitaweza. Walisema kijana wa Mukuyuni akienda Ghuba anarudi na redio kubwa na miwani ya jua, basi, na anko Kyalo, ndugu mdogo wa marehemu baba, alitangaza sokoni kwamba siku nitakayojenga hata choo cha matofali yeye atakiingia akiwa amevaa suti. Nilijenga. Nyumba, tangi la maji, choo (alikiingia, lakini na kabuti), na diploma yangu ya umeme nikaitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa hata akitaka. Nawaambia haya kwanza ili mjue nilikuwa nimepanda juu kiasi gani, kwa sababu nilivyoanguka ni aibu tupu, na mpaka leo nikikutana barabarani na mama yeyote aliyejifunga leso ya kijani masikio yangu huwaka moto.

Kule Ghuba nilikuwa mtu wa umeme kwenye klabu ya gofu. Jua likizidi, matajiri walichezea ndani: unapiga mpira wa kweli kwenye kitambaa kizito kilichotundikwa mbele yako, projekta inaonyesha uwanja juu ya kile kitambaa, na kompyuta inakwambia mpira wako ungefika wapi. Nikaapa kwamba nitakuwa nacho nyumbani kwangu. Kutoka Makindu hadi Mbooni sikujua mtu mwingine aliyekuwa nacho, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba hayupo.

Nikajenga chumba cha gofu kando ya nyumba, kisicho na dirisha, urefu futi kumi na nane, upana kumi na mbili, dari juu kabisa ili mtu mrefu azungushe fimbo bila kugonga. Kilichobaki kilikuwa kitambaa. Nikampigia muuzaji mmoja Nairobi.

"Unataka uwiano gani, boss?" akauliza. "Kumi na sita kwa tisa, ama nne kwa tatu?"

Sasa ninyi mnajua tunavyopima huku kwetu. Nyumba ya kupanga ni kumi kwa kumi, mbao ni mbili kwa nne, na hakuna mtu anayeuliza kumi ya nini. Niliposikia nne kwa tatu nikaona dirisha la choo. Nikalinganisha haraka kichwani: chumba changu kumi na nane kwa kumi na mbili, kitambaa kumi na sita kwa tisa, kinaingia na nafasi inabaki! (Kinaingia, ndiyo, kama ni mkeka wa kutandika sakafuni.)

"Kumi na sita kwa tisa," nikasema. "Mimi si mtu wa nne kwa tatu."

"Sawa, hilo ni umbo. Sasa niambie saizi. Ukuta una upana gani?"

"Ndugu yangu, nimekwambia kumi na sita kwa tisa. Futi. Nina diploma, usinifundishe kupima."

Akarudia kuuliza. "Futi kumi na sita za upana?"

"Ama unaogopa kushona?"

Basi akashona.

Kitambaa kilifika siku moja kabla ya wazazi wa Mwende, mchumba wangu, kuja kutoka Mbooni kuona boma langu. Hii haikuwa ziara ya chai tu. Baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amesema akiridhika na anachokiona atatupa tarehe ya harusi siku hiyohiyo. Mama yake naye ni mtu anayeshika mila, na kwetu Wakamba mtu na mama mkwe wake wana nthoni, neno moja lenye aibu na heshima ndani yake: humkaribii, humgusi, mkikutana kwenye njia nyembamba wewe ndiye unayeingia kwenye miiba.

Tulikikunjua kitambaa mimi na Mwende ndani ya chumba. Kilifika ukuta wa kushoto, kikafika ukuta wa kulia, na bado kilikuwa kinaendelea.

"Si tukunje tu pembeni?" Mwende akasema. "Futi mbili huku, mbili kule."

Nikapiga hesabu. Inabaki kumi na mbili kwa tisa. Kumi na mbili kwa tisa, ukiigawa, ni nne kwa tatu, ile ile niliyoidharau, na ingekaa kwenye ule ukuta kama imezaliwa hapo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule muuzaji alikuwa ananiuliza umbo, si futi. Ningekunja saa ileile, ningekuwa nimeoa zamani. Lakini nikamwambia Mwende, "Nikunje? Baba yako aone pindo, aseme nimenunua mtumba?"

Nikakitoa nje, nikakitundika uwanjani kati ya nguzo mbili, kwa ukubwa wake wote. Kilipendeza sana mpaka nilipowasha projekta na jua la Makueni likaimeza picha yote, usione hata kivuli. Ndipo nikaanza kuazima giza. Nilichukua tenti ya kikundi cha akina mama, maturubai ya Hassan wa duka la vifaa vya ujenzi pamoja na jenereta yake, na mablanketi kutoka kila nyumba iliyo karibu, na kila niliyemwomba nilimwambia aje ajionee gofu. Hassan aliniuliza, "Sasa bwana, umejenga chumba kisicho na dirisha, kisha unakuja kutafuta giza kwangu?" Nikacheka kama mtu mwenye siri kubwa.

Wageni walipoingia kesho yake mchana, mle ndani ya tenti mlikuwa na joto la tanuri la matofali na harufu ya vitanda vya watu wengi. Katikati nilikuwa nimesimamisha mti wa kuinua yale maturubai, nimeuchomeka kwenye debe la mchanga. Nikaanza na picha yangu ya Ghuba, niliyokuwa nimeivuta pande zote mbili ili ijaze zile futi kumi na sita, na hapo kwenye kitambaa akatokea mtu mwenye uso mpana kama ungo na shingo ya fahali.

"Kumbe huko mlikuwa mnakula!" anko Kyalo akasema, na majirani wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Mama yake Mwende, leso yake ya kijani kichwani, alikuwa amekaa upande wa mbali kwa heshima, na mimi nilijitahidi kutoangalia huko.

Nikaona dawa ni kucheza tu. Nikaweka mpira, nikawaambia tazameni, nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Sikuwa nimewaza kwamba kitambaa cha gofu kinatakiwa kilegee kidogo ili kiumeze mpira. Changu nilikuwa nimekikaza kwa kamba mpaka ukikigusa kinalia kama ngoma, kwa sababu sikutaka kuona mkunjo hata mmoja. Mpira ukaenda, ukanirudia, ukapita juu ya kichwa changu ukielekea kwa wageni.

"Aiya!" anko Kyalo akaruka, akaukumbatia ule mti wa katikati. Mti ukang'oka na debe lake. Tenti, maturubai, mablanketi, vyote vikashuka juu yetu, na jenereta ikazima.

Giza nililoliazima nikalipata. Watu wanapiga kelele, viti vinavunjika, mtu anaita Yesu, na mimi nikawaza jambo moja tu, Mwende. Nikatambaa. Nikapata mkono laini, nikaushika, nikauvuta kifuani kwangu na kusema kwa sauti ile ambayo mwanamume huwa haitumii mbele za watu, "Mpenzi, usiogope, shika kiuno changu tutoke."

Mkono ukakauka.

"Mwaitu!" sauti ikamwita mama yake kwa Kikamba, na haikuwa ya Mwende.

Ningeuachilia. Akili iliniambia niuachilie, lakini mwili uliganda, na ndivyo tulivyokutwa Mwalimu alipoinua blanketi na jua likatupiga: mimi nimepiga magoti, nimemkumbatia mama mkwe, leso yake ya kijani imeshuka mabegani, na kijiji kizima nilichokialika mwenyewe kimesimama kutazama.

"Kijana," Mwalimu akasema, polepole, kama anayesoma imla, "mwachilie mke wangu."

Hawakunywa chai. Yule mama alitembea hadi kwenye gari akiwa amejifunika uso wote, Mwende akimwongoza kama kipofu, na tarehe ya harusi haikutajwa. Kuku niliochinja, majirani waliwala, na walikula vizuri sana.

Kwenda Mbooni sikuweza, ningeanzia wapi? Alikwenda anko Kyalo, na mbuzi, kuniombea radhi. Siku hiyo mimi nilikuwa nikirudisha vitu. Nilimpelekea Hassan maturubai na jenereta, nikarudisha tenti ikiwa imeshonwa, nikapita nyumba hadi nyumba na mablanketi niliyoyafua kwa mikono yangu, nikisema asante kwenye kila mlango huku nikitazama viatu vyangu. Anko alinipigia simu nikiwa njiani. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Mbuzi wamempokea, akasema, lakini tarehe watatoa mvua zikishapita, mama akiweza kusikia jina langu bila kujifunika.

Nimeapa kwamba sitanunua tena kitu chochote kabla sijaupima ukuta wangu, na nikiulizwa swali nisilolielewa nitasema sijaelewa, hata kama diploma inanisikia.

Blanketi la mwisho lilikuwa la Mama Ndinda, mjane wa boma la chini. Alilinusa, akalikunja, akalipakata.

"Umelifua vizuri," akasema. "Sasa kaa nikupe chai uniambie, mwanangu. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa nyuma, sikuona kitu."

Ningeweza kusema nina haraka. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikamwambia yote.