Ufunguo wa Stoo ya Bibi

Juzi Jumamosi nilikwenda Igamba kwenye kikao cha ukoo, na kama kawaida yangu nikaondoka na mzigo ambao sikuuomba. Tulikaa uani kwa marehemu bibi kuamua nani atunze funguo za nyumba yake. Chai haikupata hata muda wa kupoa. Shangazi alininyooshea kidole, wengine wakaitikia, "Huyo huyo, nani mwingine?" Nami nikatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Wewe unanijua, sijui kukataa nikishasifiwa.

Kwenye kishada cha funguo walichonikabidhi kulikuwa na mmoja mdogo wa shaba, wa stoo ya chakula. Huo nilikuwa naufahamu kuliko vidole vyangu. Niliuvaa shingoni utoto wangu wote.

Chanzo chake ni punje moja ya karanga. Bibi alinituma nimchotee karanga za mbegu, moja ikadondoka mlangoni, nikaiokota na kumpelekea. Punje moja, rafiki yangu! Laiti ningeitia mdomoni siku ile, nadhani leo ningekuwa mtu mwingine kabisa. Bibi alipiga kigelegele, akamwita mama jirani aje aone. "Huyu ndiye mtu ndani ya nyumba hii," alisema, "hawa wengine ni panya waliovaa nguo." Kesho yake akatafuta kamba ya katani, akautunga ule ufunguo, akanivika. Nilitembea kijiji kizima nimetanguliza kifua. Sikujua kwamba nimefungwa.

Maana stoo ile ilikuwa na kila kitu. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya maharage makavu, kahawa ya maganda na magunia ya katani. Kulikuwa na ulezi, majembe, mafuta ya taa, na kwenye kona gunia la chumvi lililokuwa linatoa jasho msimu wa mvua. Kwa hiyo kila aliyetaka kupika, kulima au kuwasha taa alinihitaji mimi. Baada ya muda hata jina langu walilisahau. Waliniita Stoo. Nimejificha vizuri kabisa kwenye mibuni, tunacheza kombolela, anayetafuta amekaribia kukata tamaa, nasikia shangazi jikoni: "Stooo! Chumvi!" Natoka na majani kichwani, nakamatwa. Sikumbuki hata siku moja niliyoshinda mchezo ule.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonitoa machozi ni safari ya Ivuna.

Kila mwaka tukishavuna, shangazi alipanda lori lililotoka Mlowo na magunia ya maharage, akateremka nayo hadi Ivuna kubadilisha na chumvi. Watoto waliruhusiwa kumsindikiza. Na unajua nani aliyekwenda kila mwaka bila kukosa? Binamu yangu, mwana wa huyo huyo shangazi, mwizi wa karanga aliyejulikana hadi kanisani. "Mchukueni huyu," bibi alikuwa anasema, "akibaki hapa ataimaliza stoo na mlango wake." Basi mwizi anapakiwa juu ya magunia, anapepea mkono, na mwaminifu anabaki uani anameza vumbi la lori.

Alikuwa anarudi midomo imepasuka kwa jua, na hadithi zake haziishi. Kwamba huko maji ya chumvi yanatoka yenyewe ardhini, na wanawake wanayachemsha hadi vyungu vinabaki vyeupe. Kwamba nchi ni tambarare kiasi kwamba unaona ng'ombe wa mtu saa nzima kabla hajakufikia. Sisi wa milimani hatukuwahi kuona mahali pasipo na kilima cha kukuzuia macho. Nilikuwa nalala naiwazia ile tambarare, ufunguo umenilalia kwenye koo.

"Bibi, mwaka huu na mimi niende?" niliuliza kila mwaka.

"Na stoo nimwachie nani?"

Mazungumzo yakawa yameisha.

Mwaka mmoja nikaamua kuwa mbaya. Nilifikiri sana jambo hilo, kama mtu anayechagua kazi. Nikafungua stoo mchana kweupe, nikajaza karanga kwenye pindo la gauni, nikaenda kukaa mbele ya bibi nikizitafuna kwa kelele. Ninangoja kofi. Ninangoja anivue kamba. Bibi akanitazama, macho yakamlegea kwa upendo. "Unaona?" akamwambia mama jirani. "Mwingine angekula kwa kujificha. Huyu hana unafiki." Habari ikafika kanisani. Jumapili mwalimu wa watoto akanisimamisha mbele niwe mfano wa moyo mweupe. Nilisimama pale karanga bado ziko kwenye meno, nikajua nimekwisha. Watu wakishaamua kwamba wewe ni mwema, hata dhambi yako wanaipigia makofi.

Na siku zile wenzangu walipokuwa Ivuna, nyumba ilikuwa kimya mno. Tulibaki wawili. Bibi alichoma mahindi, akanichagulia lililoiva vizuri, akaongea kutwa nzima: habari za ujana wake, za babu, za ng'ombe waliokwishakufa zamani. Mimi nilinuna. "Nuna tu, mjukuu wangu," alisema, "lakini nuna ukiwa umekaa karibu, nikuone." Masikio yangu yalikuwa barabarani, yanasikiliza lori.

Basi nikakua. Sasa hivi mimi ni mtunza stoo Tunduma, kwenye ghala karibu na mpaka. Si unacheka! Madereva wananiachia funguo za magari, wanaovuka kwenda Nakonde wananiachia mabegi, simu, na siku moja hata mtoto mchanga. Wateja wa upande wa pili wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, wanasema hakuna mtu kama mimi. Malori yanapita mlangoni kwangu yanakwenda nchi ambazo nazijua kwa maandishi ya turubai tu. Na Ivuna, iliyo ndani ya mkoa wetu huu huu, sijafika.

Sasa nikurudishe Jumamosi. Kikao kilipoisha nilikwenda kukagua ile stoo. Ufunguo uligoma. Nikawa nauzungusha huku na huku, nasikia mtu anacheka nyuma yangu. Ni binamu. Siku hizi ni dereva wa lori, kitambi kimemtangulia.

"Dada, bado unahangaika na ufunguo?"

Akakishika kifuli, akakipinda kidogo, akakivuta. Kikafunguka.

"Kimeharibika lini?" nikauliza.

"Hakijawahi kuwa kizima. Tangu tuko watoto nilikuwa nakivuta hivi hivi. Bibi mwenyewe alinikuta siku moja, mdomo umejaa karanga."

"Bibi alijua?"

"Alinizaba kofi, halafu akaniketisha. Akasema nikikwambia kwamba kifuli hakifungi, Ivuna nitaisikia kwa wenzangu tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Akijua ataondoka na nyinyi. Mimi nitabaki na nani?'"

Nilikasirika, nisikufiche. Nilimkasirikia marehemu nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Halafu nikayakumbuka yale mahindi, na nikamwonea huruma. Ndani hamkuwa na kitu. Harufu ya maharage imekwenda, magunia yamekwenda, na kwenye kona imebaki alama nyeupe tu sakafuni pale chumvi ilipokuwa inatoa jasho. Hakuna anayeifuata tena kwa lori. Inanunuliwa dukani, kwenye pakiti.

"Kesho kutwa nateremka Ivuna kubeba mpunga," binamu akasema. "Kiti cha mbele kiko wazi. Twende basi, dada."

Nikafungua mdomo nimwambie twende. Naapa, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Stooo!" shangazi akaita kutoka uani. "Sukari umeiweka wapi? Wageni wanangoja!"

"Abee, shangazi, nakuja!"

Miguu ilikuwa imeshageuka. Kabla ya kuondoka nikakirudisha kile kifuli, nikauzungusha ufunguo, nikakivuta kuhakikisha. Kikafunguka mkononi mwangu. Nikakibana tena.