Ubao Upande wa Anayekuja

Siku ile ya mbio pale Ngulyati naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Hebu weka nyundo chini kidogo, unisikilize mjomba wako. Vizuizi hivyo unavyotengenezea mbio za shule yenu, mimi nilivitengeneza kabla hujazaliwa, na nilivikosea vibaya sana.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walimiminika Bariadi, kila mmoja akitaka wakulima wampende yeye. Mmoja wao akaleta mbio za baiskeli, na si za barabarani! Shambani, miti ya pamba ikishang'olewa. Mtu anakanyaga, anafika kwenye kizuizi cha mbao cha kufika magotini, anashuka mbio mbio, anabeba baiskeli begani, anaruka, anapanda tena. Zawadi ya wanawake ilikuwa mtamba mzima. Dada yangu Kabula, mama yako huyu huyu anayekusema kila asubuhi, akajiandikisha siku ya kwanza.

Kazi ya vizuizi sita nikapewa mimi. Fundi mpya wa Somanda, penseli sikioni, maringo tele! Nikachimbia nguzo za mkaratusi, nikapigilia mbao upande wa jukwaa la wageni, nikazipaka rangi nyekundu na jina la yule mnunuzi, bosi wangu, kwa herufi kubwa. Nilitaka wageni waone zinavyong'aa. Waendeshaji wangetokea upande wa pili, wakielekea jukwaani, lakini hilo sikulifikiria hata kidogo.

Asubuhi ya mbio akapita Mzee Masanja, mfugaji jirani, akipeleka ng'ombe mtoni. Nikamwamkia kwa heshima zote, kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, guku." Akakizunguka kizuizi cha kwanza, akanitazama.

"Wewe si umekulia kwenye zizi?"

"Ndiyo, babu."

"Mbao za zizi zinakaa ndani ya nguzo au nje?"

"Ndani. Ng'ombe wakisukuma, ubao unaegemea nguzo."

"Na hawa wa baiskeli watasukuma kutoka wapi?"

Mzee akaupiga ubao teke moja tu kutoka upande wa waendeshaji, na miguu yake ile mikavu! Misumari ikachomoka, ubao ukaanguka, ncha zikatazama juu. Akanishika sikio, mimi mwanaume mwenye ndevu.

"Ng'ombe wako usingewajengea hivi, kwa sababu unawapenda," akasema. "Dada yako je?"

Wee! Nilifanya kazi siku ile! Nikang'oa mbao zote, nikazihamishia upande wa waendeshaji, nikaongeza misumari. Watu wameshaanza kufika, ngoma zinalia, viganja vyangu vinavuja damu. Kizuizi cha sita nilikimalizia baiskeli zikiwa zimeshapangwa mstari.

Bosi akaketi jukwaani, akaona nguzo tupu na migongo ya mbao. "Jina langu liko wapi?"

"Wanalisoma waendeshaji, bosi."

Akanuna, na kazi yake nyingine sikuipata tena. Shauri yake.

Mzunguko wa mwisho Kabula alikuwa wa pili. Akafika kile kizuizi cha sita, akajikwaa, akakivamia kwa kifua pamoja na baiskeli yake, na mwenzake wa nyuma akamwangukia. Watu wakapiga yowe. Mimi nikafumba macho, naona zile ncha za misumari. Nilipofumbua, ubao uko pale pale, na Kabula ameushika kwa mikono miwili, anajiinua, anavuka! Akapanda, akakanyaga kama aliyechanganyikiwa, akamkuta wa mbele karibu kabisa na utepe, akampita! Nililia hadharani, sioni aibu kusema. Mzee Masanja naye alikuwa anarukaruka na fimbo yake, ng'ombe amewasahau mtoni.

Haya, chukua nyundo yako. Usianze kwa kuuliza aliyekaa jukwaani ataona nini. Uliza ni nani atakayekigonga kizuizi, na atatokea upande gani, kisha ubao uuweke huko. Hata siku ukijenga nyumba, ukioa, ukipewa uongozi, fanya hivyo hivyo. Na mzee akikushika sikio, tulia, usijitetee.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila atakayeiangukia kazi yako ainuke mzima, kama alivyoinuka mama yako.